Abagina na Miiba ya Shamba la Kusini

Katika mji wa Dumara, kule ambako mto Frati huanza kuchoka na kujigawa vijito kabla ya kufika kwenye vinamasi, ukiuliza ni nani anayeujua udongo kuliko wote, watu walicheka kwanza, ndipo wakakutajia jina. Walicheka kwa sababu Abagina alikuwa na mazoea ya kuuonja. Ungemwona ameinama katikati ya shamba, mtu mzima na ndevu zake, anachota udongo kwa ncha ya kidole, anautia ulimini na kufumba macho. Wanawake waliopita na mitungi kichwani hawakumwacha.

"Abagina, mimba ya miezi mingapi hiyo?"

"Saba," alijibu bila kufumbua macho. "Na akizaliwa wa kike nitampa jina lako, maana hata mdomo atakuwa nao."

Basi walicheka wakaenda zao, naye akatema, akasukutua kwa maji ya mfereji, akiwa ameshajua alichotaka kujua.

Alikuwa mshika plau wa Shamba la Kusini. Lilikuwa shamba la hekalu, kama yalivyokuwa mashamba yote makubwa ya Dumara, na kaya arobaini zilikula kutoka humo. Baba yake hakumjua. Alikuwa bado anatambaa pale ukingo wa mfereji ulipomwangukia baba huyo akizoa tope. Aliyemlea ni mjomba wake, mshika plau aliyemtangulia. Mjomba alipokufa alimwachia maksai wanne wakaidi, na sheria ya usingizi.

Sheria yenyewe ni hii. Shamba lililozaa mwaka huu, mwaka ujao linalala. Halilimwi, halimwagiliwi. Linapolala, miiba inaota, ile mifupi yenye maganda meusi na ile mirefu ya kijani inayochanua maua mekundu madogo wakati kila kitu kingine kimekauka. Inajaa shamba zima hadi mtu hawezi kukatiza bila viatu. Na miiba hiyo haiguswi mpaka siku chache kabla ya kulima tena. Mbuzi akila maganda, sawa. Mtu akipitisha shoka, la.

"Kwa nini, mjomba?" aliuliza zamani hizo, akiwa bado kijana anayejifunza kunyoosha mtaro.

"Mwiba una kiu kuliko ng'ombe. Mzizi wake unashuka urefu wa watu wawili, unakunywa yale maji ya chini usiyoyaona. Ukiukata kabla ya wakati, maji yatapanda juu kukutafuta. Na hayaji peke yake, yanakuja na mwenzake."

"Mwenzake nani?"

"Omba usimjue. Ni mweupe."

Ndiyo maana watu wa Dumara walikuwa na desturi moja wasiyoichezea. Mwiba wa shamba lililolala haukatwi na yeyote mpaka mshika plau wa shamba hilo apige shoka la kwanza kwa mkono wake. Asipopiga, hata mtawala na walinzi wake watabaki kuutazama tu.

Sasa tuje kwenye mwaka wenyewe, Shamba la Kusini likiwa limelala. Majira ya baridi ya mwaka huo mvua zilinyesha kama zilizotumwa. Mnara wa hekalu, ambao babu zao waliujenga na baba zao wakauongeza, ulikuwa wa matofali mabichi, ya udongo na majani yaliyokaushwa juani. Uso wake wa magharibi ukaloa, ukavimba, na asubuhi moja ukaporomoka hadi chini. Hakufa mtu. Lakini watu walisimama wakatazama lile jeraha kwenye nyumba ya mungu wao, na wazee kwa vijana wakalia.

Ikaamriwa kwamba ukuta uvikwe matofali ya kuchoma, yaliyounganishwa kwa lami, ili mvua isiupate tena. Kazi ilikabidhiwa mkuu wa tanuri, Lukala. Na Lukala alikuwa kaka yake Ninhedu, mkewe Abagina.

Alikuja kwao jioni moja, jua likiwa bado juu ya mitende.

"Hodi hapa kwa mla udongo!"

"Karibu, mla moshi. Ingia, ila usikoholee kwenye pombe ya watu."

"Dada yangu unamlisha nini, mbona amekonda? Tukimchukua mwanamke wetu utasema tumekuonea."

"Mchukue hata leo. Lakini mnirudishie na wale kondoo wangu kumi na mbili wa mahari, mliokula mkamaliza hadi kwato."

"Mimi nipo hapa hapa nasikia," Ninhedu alisema, akiweka mtungi wa pombe ya shayiri katikati yao na mirija mitatu ya tete. "Kondoo wenyewe walikuwa tisa. Watatu walikuwa upele mtupu."

Wakanywa wote kwenye mtungi mmoja, wakala samaki mkavu na vitunguu. Lukala alikuwa mtu wa maneno mengi, na alipoacha kutania, wenyeji wake wakajua kuna jambo.

"Shemeji," akaanza, "tanuri langu halina kuni."

"Na matete?"

"Matete yako kinamasini, siku mbili kwa mashua, na mashua zote zimechukuliwa kubeba lami. Miti ya kandokando ya mfereji tuliimaliza tangu enzi za baba. Lakini zipo kuni zimesimama pale, hatua mia tano kutoka mlangoni kwangu. Hazina kazi."

Abagina aliutoa mrija mdomoni. "Zina kazi."

"Kazi gani? Kuchoma mbuzi miguu?"

"Lukala, usiniambie neno hilo tena."

"Mwaka mmoja tu, shemeji! Zitaota tena. Mwiba hauombi ruhusa ya kuota, wewe wajua." Akasogea karibu, akashusha sauti. "Nisikilize. Sikukuu ya kupanda ikifika na ukuta haujavaa, nitatolewa tanurini. Nitapelekwa kukokota mashua kutoka huko chini, na kamba kifuani. Na mgongo huu? Hebu utazame."

Hakuwa na haja ya kuonyesha. Mgongo wa Lukala ulipinda tangu paa la tanuri lilipomwangukia akiwa na miaka ishirini, na kila mtu aliujua.

"Hapana," Abagina alisema.

Lukala aliondoka bila kuaga. Ninhedu hakugomba. Alipika, alisaga, alifagia, na kwa siku tatu hakumsemesha mumewe neno ila yale ya lazima. Siku ya nne, akiwa anakanda unga wa shayiri, alisema bila kuinua uso:

"Kaka ninaye mmoja. Miiba ni mingapi?"

Abagina alivaa viatu vyake akatoka. Alikwenda hekaluni, kwa Urmes, msimamizi wa mashamba yote. Ukweli ni kwamba alikwenda kutafuta mtu wa kumkatalia. Alitaka Urmes aseme hapana, ili yeye arudi nyumbani na hapana ya mwingine.

Urmes hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kijana bado, mwepesi wa akili, anayelala kidogo.

"Sikulazimishi," alisema. "Shoka la kwanza ni lako, na desturi ni desturi. Ila nikuulize jambo moja. Huyo mjomba wako aliwahi kuliona kwa macho yake shamba lililokatwa miiba kabla ya wakati likaharibika?"

"Hapana, bwana. Aliambiwa na aliyemlea."

"Na yeye je?"

"Aliambiwa."

"Aliyemwambia huyo?"

Abagina akazishika ndevu zake.

"Basi," Urmes alisema, tena kwa upole, "mji mzima unaogopa kitu ambacho hakuna hata mtu mmoja aliyekiona. Na ukuta wa mungu wetu uko wazi, huo tunauona sote."

Tangu hapo Abagina alikosa la kushika. Ndugu msomaji, tusimhukumu upesi. Watu wa Dumara waliishika sheria ile vizuri mno, vizazi kwa vizazi, hata asibaki hata mmoja aliyewahi kuona ilikuwa inawakinga na nini.

Asubuhi iliyofuata alikwenda ukingoni mwa Shamba la Kusini, akapiga shoka la kwanza. Mwiba ulikuwa mgumu kuliko alivyodhani. Ilibidi aupige mara tatu.

Walikata siku nne, wanaume kwa wanawake, wakiimba. Moshi wa tanuri ulisimama juu ya mji kiangazi chote, na matofali yalitoka mekundu, magumu, yanalia kama chungu ukiyagonga. Kabla ya sikukuu ya kupanda ukuta ulikuwa umevaa. Jua la magharibi lilipoupiga, watu waliokuwa mashambani waliacha kazi wakaketi kuutazama. Abagina naye aliketi akautazama, na kusema kweli moyo wake ulifurahi. Lukala alimletea Ninhedu kikapu cha tende, wakaanza tena kutaniana kama zamani.

Majira ya kupanda yalipokaribia, Abagina aliuonja udongo. Ulikuwa na ukali kidogo, ulibaki kwenye kingo za ulimi. Hakumwambia mtu. Aliwaza, na mawazo yake yalikuwa ya mtu mwerevu: chumvi huoshwa kwa maji, hata mtoto anayeosha samaki analijua hilo. Akaenda kwa walinzi wa lango la mfereji, akawabembeleza wampe zamu zaidi. Badala ya kufurisha shamba mara moja kabla ya kulima, yeye alilifurisha mara tatu. Maji yalitulia pale kama kioo, mawingu yakionekana ndani yake, kisha yakazama. Abagina aliridhika. Hakujiuliza yamezama kwenda wapi, na kule chini hakuna tena mwiba wa kuyanywa.

Shayiri iliota vizuri. Ilipofika urefu wa kiganja, ikasimama. Ncha zikageuka njano, halafu kahawia. Asubuhi moja mwishoni mwa majira ya baridi Ninhedu alimfuata shambani na mkate wake, akasimama ukingoni.

"Umande umeganda leo," alisema. "Ona pale chini palivyo peupe."

Abagina alikuwa amechuchumaa. Safari hii hakupeleka kidole mdomoni.

"Si umande," alisema. "Rudi nyumbani, mke wangu. Rudi tu."

Wakati wa mavuno kaya arobaini zilitoka na mundu zao, zikakuta ardhi yenye ukoko mweupe unaovunjika chini ya mguu, na majani ya shayiri yaliyosimama kama nywele za mgonjwa. Mama mmoja mvunaji, mwenye ulimi uliozoeleka mjini, alimwambia Abagina, "Siku nyingine utuletee na mboga, baba. Chumvi peke yake haishuki." Alitazama huku na huku akingoja watu wacheke. Hakucheka mtu, na yeye mwenyewe akaufunika uso kwa shuka yake ya sufu.

Mwaka ule walikula kwa kuazima kutoka kaya za kaskazini, wakala samaki asubuhi na jioni hadi watoto wakauchukia mto. Vitoto viwili vichanga na bibi mmoja hawakuuvuka mwaka huo. Na palipo na maafa watu hutafuta mkosaji. Miiba hawakuifikiria, maana shoka la kwanza lilikuwa limepigwa na mwenyewe; likazuka neno kwamba mungu amekasirika, kwamba mtu amevunja mwiko. Mwishowe vidole vikamwelekea mama mmoja mjane, mgeni kutoka nchi za juu, aliyedaiwa kufua nguo zake kwenye lango la maji siku isiyoruhusiwa. Mkutano ukaitwa mbele ya hekalu ili afukuzwe.

Yule mama alisimama katikati na furushi lake tayari mkononi. Hakuwa hata akilia.

Abagina alikuwa ameketi nyuma, karibu na Lukala. Wote wawili waliijua sababu, na wote wawili walikuwa na njia ya kunyamaza. Alimtazama shemeji yake. Lukala alikuwa akitazama vidole vyake vya miguu.

Abagina akasimama.

"Mwacheni mama huyo," alisema. "Hakuna mungu aliyekasirika. Ni mimi. Nilipiga shoka la kwanza kabla ya wakati, nikijua sheria, kisha nikaongeza maji juu ya kosa. Chumvi hiyo nimeileta kwa mikono hii."

Watu walivuma kama nyuki. Mmoja akapaza sauti, "Na wewe ulipewa nini?"

"Sikupewa kitu. Nilimwonea huruma mtu."

Hakumtaja mtu huyo. Lukala aliinuka taratibu na mgongo wake, akasema kwa sauti ambayo haikusikika vizuri, "Mtu mwenyewe ni mimi." Kisha akaketi. Urmes, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha msimamizi, hakusema lolote kuhusu swali aliloliuliza yeye. Lakini wale waliokaa mbele walisimulia baadaye kwamba uso wake ulikuwa umepauka.

Yule mama akaachwa. Abagina akanyang'anywa plau na maksai, wakapewa mtu mwingine, wapelekwe mashamba ya kaskazini. Ilikuwa haki, na yeye alisema hivyo. Aliomba jambo moja tu: aachiwe lile shamba lililokufa.

"Ukafanye nini?" Urmes aliuliza.

"Nipande miiba."

Hapo ndipo watu walipocheka, kicheko kibaya, cha watu wenye njaa.

Kupanda mwiba si kazi ndogo, wala msidhani ni kumwaga mbegu na kwenda kulala. Mbegu ya ule mwiba wa maganda meusi ina gome gumu kama jiwe. Ukiizika kavu, itakaa miaka. Abagina alijua kwamba iliyopita tumboni mwa mbuzi huota. Basi kila kiangazi aliazima mbuzi wa jirani, akawapeleka kando ya njia ambako miiba ilibaki, wakala maganda hadi wakashiba. Kisha akawaswaga hadi shambani, akakaa nao juani wakitembea huku na huku juu ya ule ukoko mweupe, wakidondosha samadi. Nyuma yao alipita na fimbo yenye ncha, akikitia kila kinyesi ndani ya ardhi na kukifunika kwa mguu.

"Jamani, mkulima anapanda mavi," walisema wapita njia.

"Njoo unisaidie kuvuna, nitakupa la kwanza," aliwajibu. Miaka ya mwanzo alijibu. Baadaye aliacha, si kwa hasira. Pumzi ilikuwa inapungua kwa vumbi la ule ukoko mweupe.

Mwaka wa kwanza ilitoka miiba kumi na saba. Aliihesabu kila siku, kama mtu anavyohesabu watoto wakati wa kulala. Mwaka wa pili chumvi iliua tisa kati ya hiyo. Ninhedu, ambaye siku hizo alisaga nafaka ya hekalu kutwa nzima ili wapate kula, alikuja jioni na mikono imejaa malengelenge, akaikuta ile minane iliyosalia.

"Hii ndiyo iliyonifanya nisage hadi kucha zikatoka?" aliuliza.

"Ndiyo hii."

Ninhedu akainama, akaugusa mmoja wao. Kisha akavua kitambaa chake, akafungia maganda aliyookota njiani, akampa. "Jirani amesema kesho mbuzi watakwenda kunyolewa. Wapeleke mapema."

Na Lukala? Huyo hakurudi kukaa kwenye mtungi wa pombe kwa miaka minne. Lakini tangu mkutano ule tanuri lake halikuchoma mwiba tena. Alikwenda kwa Urmes akaomba mashua, akanyimwa. Akajiundia yake ya matete, akaipaka lami, akawa anashuka mwenyewe hadi kinamasini, siku mbili kwenda na nne kurudi, akiikokota kwa kamba kifuani. Ile kazi aliyoiogopa hata akaharibu shamba la watu, akaifanya kwa hiari yake, na mgongo ule ule. Kila arudipo aliacha mzigo mmoja wa matete mlangoni kwa dada yake, akaondoka kabla hajaonekana. Mwaka wa tano Abagina alimvizia.

"We mla moshi! Unakimbia nini, umeiba?"

Lukala alisimama na kamba yake. "Nilidhani mmelala."

"Saa hizi jua limesimama wima? Ingia ndani. Pombe ni mbovu, imetengenezwa na dada yako, lakini ipo."

"Mdomo huo!" Ninhedu akasikika kutoka ndani. Lukala akaingia. Hawakuzungumza juu ya shamba siku hiyo, wala hawakuhitaji.

Mwaka wa saba miiba ilifunika Shamba la Kusini kutoka ukingo hadi ukingo. Kila mwisho wa kiangazi Abagina alikuwa akichimba shimo katikati ya shamba kuona maji ya chini yamesimama wapi. Mwaka wa kwanza aliyakuta kabla shimo halijamfika magotini. Safari hii alichimba hadi akazama kichwa, na vumbi lilikuwa bado vumbi. Alimtuma mkewe kwa Urmes. Urmes alikuja, sasa akiwa na mvi za kwanza. Alivua vazi lake la sufu, akashuka mwenyewe shimoni, akapapasa chini kwa mikono miwili.

"Pamekauka," alisema kutoka huko chini, kama mtu anayeambiwa habari za ndugu yake kwamba yu hai. Alipotoka alikuwa na udongo hadi nyusi, na hakujifuta. Akasema, "Turudishe plau."

Safari hii miiba ilikatwa wakati wake, siku chache kabla ya kulima, kama zamani. Shamba likafurishwa mara moja, likapandwa. Abagina hakuweza kushika plau; mapafu yalikuwa hayampi nguvu. Aliketi ukingoni akawatazama maksai wakienda na kurudi, na mbegu zikidondoka kupitia mrija uliofungwa kwenye plau, moja baada ya nyingine.

Shayiri ikaota, ikapita urefu wa kiganja, ikapita goti. Watu waliokuwa wamehamia kaskazini kufuata chakula walianza kuja jioni kuitazama tu. Wengine walileta watoto waliozaliwa baada ya lile tukio, wakawaambia, "Hapa ndipo nyumbani."

Siku ya kuvuna walivuna kwa utaratibu, bila kelele. Ilipopurwa na kupepetwa, lundo lilimfika mtu kiunoni. Enzi za mjomba lundo la Shamba la Kusini lilihitaji ngazi.

Urmes alizunguka lundo lile mara mbili. Nyuma yake kaya arobaini zilisimama zikingoja neno.

"Limezaa," alisema. "Ni kidogo, lakini limezaa. Mzee Abagina, watu wamechoka kula kwa jirani. Mwaka huu tusililaze, tulilime tena mara moja. Halafu ndipo lipumzike."

Sauti za kukubali zikapita katika watu. Mtu akasema, "Mungu ambariki msimamizi."

Abagina aliinuliwa na Lukala, mkono begani. Alichukua suke moja lililoanguka, akalifikicha kiganjani, akawaonyesha.

"Punje tisa," alisema. "Suke la mjomba wangu nilikuwa nikihesabu hadi arobaini. Hili shamba ni mgonjwa aliyekaa kitandani leo asubuhi. Nyinyi mnataka abebe mtungi jioni."

"Kwa hiyo?"

"Lilale. Na lisilale mwaka mmoja, lilale miwili."

"Miwili!" Yule mama wa ulimi alishika kiuno. "Baba, sisi tutakula nini hiyo miwili?"

"Mnachokula sasa, mama. Kwa taabu ile ile."

"Na wewe je? Utakuwepo hiyo miaka miwili, hata tukuulize tena?"

Ninhedu aligeuza uso. Lakini Abagina alitabasamu kidogo, kwa maana mama yule alikuwa amesema tu kile ambacho wengine walikuwa wakikizunguka.

"Sidhani," alisema. "Ndiyo maana nawaambia leo."

Urmes alikaa juu ya mfuko mtupu wa nafaka, akaegemeza kidevu kwenye ngumi zake.  Huenda alikuwa akizihesabu zile kaya arobaini. Alipoinuka alimgeukia yule mshika plau mpya, akasema, "Wafungue maksai. Wapeleke kaskazini."

Hakuna aliyeshangilia. Waliigawa ile shayiri pale pale kwa vibakuli, kila kaya ikapata mikate michache. Ninhedu alioka ya kwake kwenye ukuta wa joko la nje, mikate minne membamba. Mmoja akampa kaka yake, mmoja akampelekea yule mama mjane kutoka nchi za juu, miwili wakala wenyewe na kitunguu. Abagina aliumaliza wake wote, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi, kisha akajinyoosha juu ya mkeka, akalala usingizi wa mchana.

Mwaka ule miiba ilirudi yenyewe, bila mbuzi na bila fimbo, minene kuliko ya kwanza. Abagina aliishi hadi ilipochanua. Alifariki kabla ya baridi, shamba likiwa limelala.